Kilua: ua la kwetu linalonukia mahaba

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho mtu wako alipokusogelea, akavuta pumzi na kusema, "Leo umejipaka nini wewe?" ilikuwa lini? Niliwauliza swali hilo mashosti wa hapa ofisini Dar, na kila mmoja alinitajia chupa. Mmoja ana ya Dubai, mwingine ana ya Kariakoo, na wa tatu akasema mume wake ana mafua tangu mwezi wa tano, kwa hiyo yeye tusimuulize. Tulicheka sana. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja ua.

Sasa nenda Mombasa au Lamu, kaa na wanawake wa umri wa mama zetu, uwaulize hilo hilo. Watakutajia asumini, waridi, rehani, mkadi, langilangi. Halafu mmoja atashusha sauti kidogo, kama anayetaja jina la mchumba wake wa zamani, na kusema: kilua. Wenzake watacheka na kumpiga begani. Ukiona hivyo ujue umeingia kwenye mazungumzo ya watu wazima.

Kilua ni ua la mkilua, na mkilua ni kichaka. Kikikua sana kinafikia kimo cha mti mdogo, lakini hata hapo hakina makuu. Ukipita bila kujua utaona majani ya kijani tu, kama kichaka kingine chochote. Ua lenyewe halivutii macho kama waridi. Ni la manjano iliyochanganyika na kijani, na petali zake ni nene, si zile laini za kuraruka. Kwenye picha huwezi hata kulipa "like". Lakini likikaribia pua, dada yangu, hiyo habari nyingine.

Kabla hatujafika mbali, nitengeneze jambo moja la lugha, maana nimeliona hata kwenye matangazo ya biashara. Kunuka na kunukia si kitu kimoja. Soksi zinanuka. Mwanamke aliyevaa kilua ananukia. Ukimwambia mkeo "unanuka vizuri" umeharibu jioni yako mwenyewe.

KIKUBA KINAVYOFUNGWA

Mimi nilikijua kilua mwaka 2013, nilipoolewa na mtu wa Mombasa. Nimezaliwa na kukulia Dar, nikasoma mawasiliano chuo kikuu, na nilidhani najua mambo ya pwani kwa kuwa nilikuwa naishi pwani. Usiku wa kuamkia harusi, mama mkwe wangu alinitumia kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe chenye unyevunyevu. Ndani yake kulikuwa na kikuba.

Kwa wasiokijua, kikuba ni kishada kidogo cha majani na maua yanayonukia, ambacho mwanamke hukibana kwa pini kifuani au kukiweka ndani ya nguo. Kila nyumba ina namna yake. Mama huanza na majani ya rehani yawe kama godoro, juu yake anapanga asumini ambazo hazijafunguka sawasawa, kisha vipande vyembamba vya mkadi, petali za waridi akizipata, na katikati kabisa vilua viwili au vitatu. Ananyunyizia dalia, anafunga kwa uzi, basi. Kazi ya dakika kumi kwake, kwangu nusu saa na vidole vimechoka.

Nilimuuliza kwa nini kilua kinakaa katikati, mahali ambapo hakionekani. Akanijibu, "Mwanangu, hicho hakitaki kuonekana. Chataka joto lako."

Na kweli. Tofauti ya kikuba na chupa iko hapo. Manukato ya chupa yanaanza kwa kelele na kuisha kabla daladala haijafika. Kikuba kinaanza kimya. Kinasubiri mwili upate joto, uingie jikoni, ucheke, usogee karibu na mtu, ndipo harufu inapanda. Asubuhi maua yamenyauka na kugeuka kahawia, na bado yananukia. Mtu wa mbali hapati kitu. Anayepata ni yule aliye karibu, na ndiyo maana bibi zetu hawakukivaa kwa ajili ya sokoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi lilinishangaza. Vitu vingi vya kwenye kikuba ni wageni. Asumini ile ya kuuzwa kwa vitunga ilitoka Asia, ikaletwa na biashara ya bahari. Langilangi nayo ni ya Asia. Udi tunaofukizia nguo, na marashi ya waridi pia, vilikuja na majahazi. Tumevipokea, tumevipa majina, vimekuwa vyetu, sina ugomvi navyo. Lakini kilua hakikuja na jahazi lolote. Kilikuwepo hapa, kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, kabla ya dukani kuwepo duka.

JINA HALIKUBADILISHWA

Wataalamu wa mimea wana desturi ya kuupa kila mmea jina la Kilatini, na mara nyingi jina hilo ni la Mzungu fulani aliyepita akauona. Mkilua uliponea. Mwaka 1970 mtaalamu wa Kiingereza, Bernard Verdcourt, aliyewahi kufanya kazi Nairobi na baadaye kwenye bustani maarufu ya mimea ya Kew, Uingereza, aliuandika rasmi. Aliona haufanani vya kutosha na jamaa zake wowote, kwa hiyo aliufungulia jenasi yake peke yake. Na jina la jenasi hiyo hakwenda kulitafuta mbali. Aliandika Mkilua. Jina kamili ni Mkilua fragrans, na hilo neno la pili maana yake ni yenye kunukia. Mpaka leo jenasi hiyo ina mmea huo mmoja tu.

Yaani leo mwanasayansi wa Ujerumani au Brazili akitaka kuutaja mmea huu, lazima atamke neno ambalo wanawake wa pwani walikuwa wanalitumia wakipelekeana maua. Mimi nikilifikiria hilo huwa natabasamu peke yangu.

Ukoo wake nao unaujua, ila hujui kwamba unaujua. Ni ukoo wa mstafeli na mtopetope, na langilangi imo humo humo. Maua mengi ya ukoo huu yana petali sita, tatu nje na tatu ndani, nene kama za kulika. Na wengi wao hawavizii nyuki. Wanawaita wadudu wadogo wenye mgongo mgumu, ambao huingia ndani ya ua kwa kufuata harufu, hukaa humo wakila na kustarehe, kisha hutoka wamebeba chavua. Kwa hiyo, shosti, ile harufu tunayoiita ya mahaba haikutengenezwa kwa ajili ya mumeo. Tumeidandia tu.

KOPO LILILOVUKA FERI

Mkilua wa mama mkwe upo Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, uwani mwa nyumba, karibu na mahali pa kuchukulia udhu. Uliletwa na baba mkwe. Yeye alifanya kazi bandarini Kilindini, na mama yake alikuwa Mdigo wa Kwale, wa vijiji vilivyo pembeni ya msitu. Mwaka 1976, wiki chache baada ya kuoa, alikwenda kumsalimia mama yake, naye akampa mche uliokuwa umeota chini ya mkilua wa nyumbani, ndani ya kopo la Kimbo. "Mpelekee mkeo," akamwambia. Hakuongeza neno. Ujumbe ulikuwa kwenye kopo.

Mama anasema mwanzo aliuona ni zawadi ya ajabu. Yeye alitarajia leso. Lakini aliupanda, akawa anaumwagia maji ya kuoshea mchele, na ulikaa miaka kadhaa bila kutoa kitu. Ulipoanza kuchanua, tayari alikuwa na watoto wawili.

Baba mkwe alikuwa anafanya kazi kwa zamu. Kuna wiki alirudi usiku wa manane, na vumbi la saruji kwenye nyusi. Hapakuwa na simu ya kusema nimechelewa, feri imeharibika. Mama akawa na utaratibu wake. Siku za zamu ya usiku, alichuma vilua jioni na kuvitia kwenye foronya ya upande wa mumewe. Akirudi hata saa nane za usiku, mkewe amelala hoi na watoto, kuna kitu kinamwambia alikuwa anangojewa.

Nilimuuliza, je, mlikuwa mnaambiana maneno ya mapenzi? Akaniangalia kama nimemuuliza kama walikuwa wanapanda ndege. "Maneno ya nini? Na foronya yanukia?"

Hapo nilinyamaza, mimi mwenye shahada ya mawasiliano.

MSITUNI HAKUNA KUBUSIANA

Baada ya miaka kadhaa ya kuuona mkilua wa uwani, nilitaka kujua kwao ni wapi. Mimea yetu mingi ya majumbani tunaijua kama tunavyowajua wakwe, yaani tumeikuta tu, hatujui ilikotoka. Mwaka 2019 tukiwa likizo, nilimwomba mume wangu twende Kwale.

Misitu ya pwani yetu si msitu mmoja mkubwa kama watu wanavyofikiri. Ni vipande vipande, kimoja juu ya kilima, kingine juu ya mawe ya matumbawe, kingine kwenye mchanga, vimetawanyika kuanzia kaskazini ya pwani ya Kenya, vinapita Tanzania na kuendelea kusini. Vinalishwa na mvua za masika na vuli na unyevu wa bahari. Wahifadhi wanakadiria kwamba kilichobaki ni takriban asilimia 10 tu ya uoto wa awali. Sehemu iliyobaki ndiyo mashamba yetu, mahoteli yetu, viwanja vyetu vya "njoo uone, hati ipo". Kwetu Dar tunayo Pugu na Kazimzumbwi, iliyotafunwa kwa mkaa ambao sote tumepikia.

Ukubwa wa vipande hivyo unashangaza. Shimba Hills ni hifadhi yenye tembo, hiyo inajulikana. Lakini kaya za Wamijikenda, nyingine unaweza kuzizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome katikati ya msitu. Watu walihama polepole, na kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zimeachwa kama makazi, lakini makaburi na miiko ilibaki, na miiko ndiyo iliyolinda miti. Wazee wa kaya walikataza kukata, kulisha mifugo, hata kuacha njia. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa mali ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini mzee asiye na mshahara ndiye aliyekuwa mlinzi wa kwanza.

Tulikwenda Kaya Kinondo, karibu na Diani, kwa sababu ni kaya inayopokea wageni. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni na unasomewa masharti. Usichukue kitu, hata jani. Usipige kelele. Na msibusiane humo ndani. Hilo la mwisho mume wangu alilipokea kwa heshima kubwa, kwa sababu hata nje ya msitu si mtu wa hayo.

Ukiingia, joto la Diani unaliacha nyuma kama umefunga mlango. Chini ni mawe ya matumbawe na majani yanayooza, juu mbega wanarukaruka, na katikati, kimo cha mtu, ndipo wanapoishi watu wa aina ya mkilua: vichaka vya kivulini. Hawa hawashindani na miti mikubwa kutafuta jua. Wanaishi kwa mwanga unaopenya, wamezoea kivuli, unyevu na upepo mdogo. Nikaelewa kwa nini kichaka kama hiki kinahitaji harufu kali. Kwenye giza lile, rangi ingesaidia nini?

Nilimuuliza mzee aliyetuongoza kama mtu anaweza kuomba mche wa mkilua. Alicheka. "Wa msitu ni wa msitu, mwanangu. Wataka mche, katafute kwa kina mama."

Nasikia watu wakisema misitu hii ni midogo mno, ibaki ya nini. Nawajibu kwa habari moja tu. Mwaka 2022, wataalamu walichapisha jenasi mpya kabisa ya vichaka vya ukoo huu huu wa mkilua. Wameiita Lukea, kwa heshima ya mtaalamu wa mimea wa Kenya, Quentin Luke. Aina yake moja inatoka Udzungwa, Tanzania, na nyingine inatoka Kaya Ribe, Kilifi. Msitu mdogo uliozungukwa na mashamba, na ulikuwa bado una kitu ambacho sayansi haijakiandika.

MIEZI MINNE NA SIKU KUMI

Baba mkwe alifariki mwaka 2016. Mimi nilikuwa Likoni kwa wiki tatu za mwanzo, na nililoliona sijawahi kuliandika.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Katika muda huo hajipambi na hajitii manukato. Mama alikubali hukumu ya Mola wake bila neno. Nguo za rangi alizikunja, wanja akauweka juu ya kabati. Shida ilikuwa mkilua. Masika yalikuwa yamepita, na kichaka kilichanua kwa wingi ambao hata majirani walisema hawajawahi kuuona. Harufu iliingia dirishani kila jioni, ikajaa chumba ambacho upande mmoja wa kitanda ulikuwa mtupu.

Mwenye kujipaka unaweza kujizuia. Utauambiaje mti?

Siku ya tano hivi, alinituma kwa majirani. Niwaambie kila mwenye mume aje jioni achume vilua, asiache hata kimoja. Walikuja, mwanzo kwa aibu, wakichuma huku wameinamisha vichwa. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanakuja watano, sita, wanakaa barazani wanafunga vikuba vyao huku wakimzungumzisha. Mama aliketi kwa mbali kidogo, akiwaelekeza: hapo rehani imezidi, wewe asumini yako imefunguka mno, mumeo atakuta imelala. Mwanamke anayeombolezea mume wake, akiwasaidia wenzake kuwavutia wa kwao. Nilitoka nikaenda kulia bafuni, si uongo.

Eda ilipokwisha, alioga, akavaa, akafukiza nyumba udi. Kilua hakukigusa. Mpaka leo hajakivaa. Anachuma, anafunga, anagawa.

CHUMBA KIMOJA

Mwaka 2021 watoto walikaa kikao. Kiwanja cha Likoni ni kikubwa, nyumba imechakaa, na kila upande ghorofa za kupangisha zinapanda. Shemeji yangu mkubwa alikuja na ramani ya ghorofa nne. Mama atakaa chini bure, vyumba vingine vipangishwe, fedha zigawanywe. Mpango mzuri, siwezi kuusema vibaya, na mume wangu aliuunga mkono. Kwenye ramani, pale penye mkilua palikuwa na chumba.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza chumba kimoja kitaleta kodi kiasi gani kwa mwezi. Akaambiwa shilingi elfu tisa za Kenya. Akasema, "Zikateni kwenye fungu langu. Kila mwezi. Mpaka nife."

Kikao kilivunjika. Wanawe walijisikia vibaya, halafu walikasirika kwa kuwa walijisikia vibaya, mnajua wanaume. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp maneno yalirushwa wiki nzima. Mmoja aliandika kwamba mti ni mti tu, upandwe mwingine shamba. Mwingine akasema mama anamkumbatia marehemu. Mimi kama mkwe nilikaa kimya hadharani, lakini usiku nilimwambia mume wangu jambo moja: baba yako hakumwachia barua, picha wanayo moja ya studio, na foronya alizitupa. Sasa unataka kumwachia nini?

Walirudi mezani. Chumba kilitolewa, ramani ikachorwa upya, na makato ya elfu tisa hakuna aliyethubutu kuyataja tena. Pakabaki kiuwanja cha hatua nne kwa tatu, wazi juu, kimezungukwa na kuta.

Hapo fundi akaleta hoja yake, na ilikuwa hoja ya maana. Alisema, mnapoteza chumba bure, kwa sababu ghorofa ikipanda mti huu hautapata jua zaidi ya saa mbili kwa siku. Utakufa wenyewe. Wote walimgeukia mama. Mimi nilikumbuka giza la Kinondo, nikawaeleza: kichaka hiki ni cha chini ya miti mikubwa. Kivuli ndiyo kwao. Kinachoweza kukiua ni saruji kwenye mizizi, chokaa, na kukosa maji. Fundi akaniangalia kwa shaka, lakini alizungushia mbao na kuwakataza vijana wake kumwaga maji ya saruji upande ule. Mama akaomba bomba la mahali pa udhu lielekezwe hapo.

Ghorofa ilimalizika mwaka 2023. Mkilua ulipukutisha majani, ukatutisha sote, kisha ukaanza upya. Masika yaliyofuata ulichanua, si kwa wingi wa zamani, lakini sasa harufu inapanda na kuta kama moshi kwenye bomba. Mpangaji wa ghorofa ya tatu, kijana aliyeoa karibuni, alishuka kuuliza ni marashi gani hayo. Mama akampa vilua viwili ampelekee mkewe, na akamwonyesha kwa ishara vinapowekwa.

UKITAKA WAKO

Najua mtaniandikia mkiuliza mche unapatikana wapi, kwa hiyo niseme kabisa. Usiende kung'oa msituni. Kwenye kaya ni mwiko, kwenye hifadhi ni kosa la sheria, na mche uliong'olewa kivulini ukapandwa kwenye jua la Tabata utakufa hata hivyo. Tafuta mtu mwenye mti nyumbani, umwombe matunda yaliyoiva au mche ulioota chini yake. Mama huzipanda mbegu mara tu anapozitoa kwenye tunda, hazisubirishi zikauke. Udongo uwe wenye majani yaliyooza, maji yasikauke wala yasituame. Mahali pawe chini ya mwembe au upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana. Usiweke ndani ya chumba cha AC ukasema umeuhurumia. Na uwe na subira, maana si mchicha.

Mama alituoteshea miche saba kabla ujenzi haujaanza, mmoja kwa kila mtoto na wa ziada kwa majirani. Wetu ulivuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro mwaka 2022, na cheti cha afya ya mimea mkononi. Afisa alisoma jina, akauliza, "Huu mkilua ndio ule?" Nikamwambia ndio ule. Akagonga muhuri huku anatabasamu.

Sasa upo kwenye pipa kubwa upande wa nyuma wa nyumba, chini ya mwembe wa jirani, umefika kimo cha kiuno changu. Haujatoa ua hata moja. Mume wangu, yule asiyependa mambo haya, kila jioni akirudi anapitia nyuma badala ya mlango wa mbele. Anasema anaangalia tenki la maji.